Huruma Yataka Ilimu



Mtu husema kuwa ana huruma kwa sababu moyo wake huchomwa aonapo kiumbe kinateseka. Hilo ni jambo jema, lakini kuchomwa moyo peke yake hakumfai kitu aliyeumia. Mara ngapi tumeona mtu akimvuta aliyevunjika mguu kwa kutaka kumwinua, akamzidishia mvunjiko! Na mara ngapi tumeona mtu akimnywesha maji aliyezimia, hata akakaribia kumsonga pumzi! Nia yao ilikuwa safi, ila mikono yao haikujua la kufanya. Kwa ajili hii twasema kwamba huruma yataka ilimu. Somo hili tumelifundisha kwa maneno miaka mingi katika madrasa yetu hapa Soweto, mjini Moshi. Lakini baada ya masika yaliyopita tulilisoma kwa macho, na aliyetusomesha ni kiumbe ambaye watu wengi humkanyaga na kupita: konokono wa majini.

Habari yenyewe ni hii. Mwanafunzi wetu mmoja wa zamani, alipohamia Dar es Salaam kwa kazi, aliiachia madrasa sanduku lake la kioo la kufugia samaki. Likaletwa kwa bajaji, limefungwa kamba, na vijana wawili wamelishika huku na huku. Ndani yake mlikuwa na samaki wadogo wa mapambo, majani ya majini, na konokono watatu, kila mmoja kiasi cha limau, rangi yao kama zaituni iliyoiva nusu. Konokono hawa ni wa ukoo ambao wataalamu huuita Pila, nao ni wenyeji wa mabwawa na vinamasi vya Afrika na Asia. Pamoja nao walikuwako wengine wadogo sana, wamechongoka kama parafujo. Hao huitwa Melanoides, nao asili yao ni Afrika na Asia vilevile, na siku hizi wameenea katika masanduku ya samaki ya dunia nzima. Wadogo hao hawatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai.

Watoto wetu wakawapenda wale wakubwa kuliko samaki. Walipenda hasa kumngoja konokono apande juu ya maji na kutoa mrija mfupi wa nyama ili avute hewa, kwani Mwenyezi Mungu amempa Pila mapafu na matamvua pamoja. Kiangazi kikikausha bwawa, yeye hujizika katika tope, akaufunga mlango wake kwa kifuniko kigumu cha chokaa, akangoja mvua hata miezi kadhaa. Nani kati yetu awezaye kusubiri hivyo?

Wako wazee waliotuuliza kama yafaa kuweka konokono mahali panaposomwa Kurani. Tuliwajibu kwa adabu kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi kila mnyama aliye hai ni tohara, isipokuwa mbwa na nguruwe na wazaliwa wao. Tukawakumbusha habari ya Abu Umair, nduguye Anas, aliyekuwa mtoto na akacheza na kindege chake, na Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumkataza, bali alimpa pole kindege kile kilipokufa. Tena tukawakumbusha habari ya mwanamke aliyemfunga paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, akaingia motoni kwa ajili yake. Basi kufuga si kosa, lakini mfugaji amebeba amana. Kiumbe uliyemzuilia katika kioo hana pa kwenda kutafuta dawa. Ukimnyima wewe, amekosa kabisa.

Wazee wakaridhika, na sanduku likakaa katika baraza yetu, mahali pasipofikiwa na jua kali.

Masika yalipokwisha, mwanafunzi wetu mmoja wa miaka tisa alikwenda kukaa kwa nyanya yake huko bondeni, katika nchi ya mpunga. Akaoga na wenziwe katika mfereji siku nyingi. Aliporudi, baada ya muda alianza kukojoa mkojo wenye damu. Mama yake akampeleka hospitali, akapimwa, akakutwa na kichocho, akapewa vidonge vya prazikwanteli, na alhamdulillahi akapona. Lakini habari ilimtangulia madrasani. Watoto wakasikia ya kwamba kichocho huletwa na konokono. Wakaanza kumwita mwenzao mtoto wa konokono, na hakuna aliyetaka kukaa naye mkeka mmoja.

Siku moja, kabla ya adhana ya alasiri, vijana wawili wakubwa walitia mikono katika sanduku, wakawatoa wale konokono watatu, wakawaweka juu ya saruji na kuwapiga kwa jiwe. Tulipofika baada ya kusikia kelele, mmoja alikuwa amepondeka gamba na mwili. Wa pili alikuwa amevunjika mdomo wa gamba, kipande chote cha upana wa kidole kimeondoka. Wa tatu hakufikiwa na jiwe, bali alianguka tu. Na yule mtoto aliyekuwa mgonjwa alikuwa amesimama kando, analia bila ya sauti.

Ndugu wasomaji, wale vijana wawili si watoto waovu. Waliogopa, na waliona kwamba wanamlipia mwenzao kisasi na kuwakinga wadogo zao. Fimbo ingewafundisha kuogopa fimbo, isingewafundisha lolote juu ya konokono. Tukawaketisha wote, na yule mtoto tukamketisha karibu nasi, na somo la siku ile likawa kichocho.

Tuliwaeleza kwamba ugonjwa huu ni minyoo wadogo wanaokaa katika mishipa ya damu ya mtu. Daktari Theodor Bilharz, Mjerumani aliyefanya kazi mjini Cairo, aliwaona minyoo hao mwaka 1851. Lakini njia wanayopita ilikuja kubainishwa na Robert Leiper huko huko Misri mwaka 1915. Mayai ya minyoo hutoka katika mkojo au choo cha mgonjwa. Yakifika majini, huangua vijidudu ambavyo humtafuta konokono wa aina maalumu na kuingia mwilini mwake. Humo huzaana kwa muda wa wiki kadhaa, kisha hutoka kwa wingi, wana mikia, wakiogelea kumtafuta mtu aliyetia mguu majini, wakapenya ngozi yake.

Tukawauliza watoto: katika habari hii, nani aliyeanza? Wakanyamaza. Kisha yule mgonjwa wetu akajibu kwa sauti ndogo, "Mtu, Maalim." Akasema kweli. Konokono hazaliwi na kichocho. Hupewa na mtu aliyekojoa au kwenda haja majini, naye humrudishia mtu kile alichopewa. Mtu akiacha kunajisi maji, na wagonjwa wakatibiwa, konokono hana la kutupa. Na dini yetu ilitukataza zamani kukojoa katika maji yaliyotulia, kabla ya wataalamu kuona minyoo hiyo kwa vioo vyao.

Tena konokono wa kichocho si huyu. Wao ni wadogo, wengi wao kama ukucha au pungufu. Mmoja, Biomphalaria, amekunjika bapa kama kamba iliyolazwa mviringo, naye ndiye wa kichocho cha tumbo. Wa pili, Bulinus, ukimsimamisha ncha juu na mdomo ukikutazama, mdomo huo huwa upande wa kushoto, naye ndiye wa kichocho cha mkojo. Konokono wengine wengi mdomo wao huwa kulia. Lakini tuliwaonya watoto kwamba ilimu hii si ruhusa ya kwenda mferejini kuokota na kulinganisha. Konokono wa mfereji na maji ya mfereji waachwe huko huko, na mtoto asitie mkono. Hata konokono wa sandukuni akiguswa, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya chakula na kabla ya kushika Msahafu.

Basi hofu ikapungua, ikabaki kazi. Wale vijana wawili tuliwapa adhabu moja tu: kuwauguza wale waliowajeruhi, na kiongozi wao katika kazi hiyo awe yule mtoto waliyemcheka.

Ilimu yetu sisi ya shule ilikomea darasa la saba, na kumwuliza ajuaye si aibu. Tukamwendea jirani yetu, mwalimu wa viumbe katika sekondari, akatueleza mambo ambayo tungependa kila mwenye sanduku la samaki ayajue.

Jambo la kwanza ni kwamba gamba si nguo aliyovaa konokono, wala si nyumba aliyoikuta akahamia. Ni sehemu ya mwili wake, huanguliwa nalo likiwa dogo kama punje, nalo hukua pamoja naye mpaka afe. Akitolewa ndani yake hufa. Kwa nje lina ngozi nyembamba yenye rangi, na chini ya ngozi hiyo mna tabaka za chokaa. Chokaa hiyo ni ile ile iliyomo katika ganda la yai, na ile ile ya mawe ya matumbawe waliyojengea wazee wetu msikiti mkuu wa Kilwa.

Jambo la pili ni kumjua fundi. Ndani ya mdomo wa gamba kuna utando wa nyama, nasi twaweza kuuita joho la konokono. Utando huo hutoa umajimaji ambao hugandamana ukawa gamba. Kazi ya kurefusha gamba hufanyika mdomoni tu. Kwa hiyo, jeraha la mdomoni lina matumaini makubwa kuliko yote, kwa kuwa fundi yuko papo hapo. Tundu la ubavuni laweza kuzibwa kwa ndani ikiwa joho lafika: kwanza huwekwa utando laini, kisha chokaa juu yake. Lakini ncha ya gamba, ambayo ndiyo ya utotoni, ikilika kwa nje haiwezi kurudi ilivyokuwa. Konokono huweza tu kuikaza kwa ndani, na mfugaji huweza tu kuzuia isizidi kulika.

Tulipomtazama vizuri yule wa tatu ambaye hakupigwa, tuliona kwamba naye ni mgonjwa wa siku nyingi. Ncha ya gamba lake ilikuwa nyeupe, ina vishimo, kama ukuta uliobanduka rangi. Tukampigia simu yule kijana wa Dar es Salaam. Akatuambia ya kwamba alikuwa akitumia maji ya mvua peke yake, kwa kuyapenda usafi wake. Kumbe usafi huo ndio uliomla. Maji ya mvua hayana chokaa, tena yana uchachu kidogo, na hulila gamba polepole kama siki ilavyo ganda la yai. Angalieni, ndugu zetu: jiwe la watoto wenye hofu lilivunja kwa dakika moja, na maji ya mtu mwenye mapenzi yalikuwa yakivunja kwa mwaka mzima. Wote wawili walikosa kitu kimoja, nacho ni ilimu.

Yule aliyepondeka mwili alikufa usiku ule ule. Tulimjua kwa harufu, na kwa kifuniko chake kilicholegea na kuning'inia. Watoto wakamzika chini ya mgomba. Lakini yule aliyevunjika mdomo alijifunga ndani, akakaa siku mbili bila ya kutoka. Watoto wakasema naye amekufa. Tukamnusa, hana harufu. Tukamgusa kifuniko kwa ujiti, akakivuta. Basi konokono aliyejifunga asidhaniwe kuwa amekufa, wala asilazimishwe kutoka. Anajilinda.

Hapo ndipo kila mtu alipokuja na dawa yake, na huruma ya kila mmoja ilikuwa ya kweli. Kijana mmoja alileta gundi kali ya dukani, akitaka kukibandika kile kipande kilichoanguka. Tukamzuia, kwani mdomo ule ndipo anapotoka fundi, na gundi ikimgusa joho humuunguza. Kipande kilichokwisha kuanguka hakirudi. Na kipande kilichoning'inia, kama bado kimeshikamana, kisibanduliwe, maana huenda nyama imekishika kwa ndani.

Mzee wetu mmoja alisema, "Maalim, kama dawa ni chokaa, mimi ninayo ya kupaka nyumba." Tukamshukuru, na tukamweleza kwamba chokaa ya kupaka ukuta imepitishwa motoni ikageuka kali, nayo huchoma ngozi ya mtu, seuze konokono laini. Itakiwayo ni chokaa tulivu, isiyopikwa motoni. Mwanafunzi mwingine alitaja chumvi, kwa kuwa kwao husafishia vidonda. Chumvi humnyonya konokono maji ya mwili hata akafa. Na mama mmoja alileta dawa ya samaki katika chupa. Tukasoma kibandiko chake, tukaona mna shaba.

Hapa twataka wenzetu wa Mlimani wasikilize sana. Shaba ni sumu kubwa ya konokono. Mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, ulitumiwa zamani kuwaua konokono wa kichocho katika maji. Na wakulima wa kahawa huko juu, tangu Kibosho hata Marangu, wajua dawa za shaba zinazopuliziwa mibuni kuzuia kutu ya majani na ugonjwa wa matunda. Basi ndoo iliyochanganyiwa dawa ya kahawa isichotewe maji ya konokono wala ya samaki, hata ikioshwa mara saba. Kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa macho chatosha kuua.

Dawa yenyewe ilikuwa nyepesi, tena ya bei ndogo. Kwanza tulimtenga mgonjwa na samaki, kwa sababu samaki humdonoa penye nyama. Tukamweka katika beseni la plastiki lenye maji ya kina cha vidole vinne tu, ili asipande juu akaanguka tena, na ili aweze kuvuta hewa bila ya taabu. Tukalifunika kwa wavu, maana Pila hutoka usiku na kutembea. Maji tuliyotia ni ya bomba, tuliyoyaacha wazi katika ndoo siku nzima ili dawa ya klorini itoke. Tulikuwa tukibadili theluthi yake kila baada ya siku mbili.

Pili tulitafuta chokaa. Watoto walileta maganda ya mayai kutoka majumbani. Tukayachemsha, tukayakausha juani, tukayatwanga, tukayatia katika kifuko cha kitambaa na kukizamisha katika beseni. Msafiri mmoja aliyetoka Tanga alituletea mfupa mweupe wa ngisi aliouokota ufukweni, nao ni chokaa nzuri kabisa. Tukaweka kipande ndani, konokono akakitafuna mwenyewe apendavyo. Chokaa nyingine huipata kwa ngozi yake moja kwa moja kutoka katika maji.

Tatu ni chakula. Chokaa peke yake haijengi, kama vile saruji haijengi bila ya fundi aliyeshiba. Tulimpa mchicha na majani ya figiri yaliyochemshwa kidogo ili yalainike, na mara moja kwa wiki chembe za chakula cha samaki. Kilichobaki tulikitoa asubuhi ili maji yasioze. Majani ya shambani yaliyopuliziwa dawa ya wadudu hatukuyakaribisha.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote kwa watoto, ni kumwacha. Kila mtu alitaka kumwinua na kutazama kama gamba limeota. Yule mtoto wetu wa miaka tisa akaweka sheria: macho yatazame, mikono isiguse. Akakaa yeye mlinzi wa beseni, na wale wakubwa wawili wakawa wachota maji wake. Haraka haraka haina baraka.

Siku ya tatu alitoa pembe zake. Siku ya tano alikula. Kabla ya wiki mbili kutimia, watoto walituita kwa kelele, nasi tukaona penye mvunjiko utando mwembamba unaong'aa kama karatasi ya mafuta. Utando huo ukaendelea kukazana na kupata rangi. Baridi ya Mlima iliposhuka, kazi ilipungua mwendo, kwa kuwa konokono hana joto lake mwenyewe, hufuata joto la maji. Jua liliporudi naye akaendelea. Mdomo ukatimia, ila penye mvunjiko pamebaki mstari wa kovu, umeinuka kama mshono wa kanzu.

Yule wa ncha iliyolika alirudishiwa maji mazuri, na vishimo vyake havikuzidi. Ncha haikurudi, lakini gamba jipya analolijenga mdomoni ni zima na nene.

Limebaki jambo moja ambalo hatuwezi kulipita. Mtu mmoja mwema alituambia, "Mwachieni huru katika mfereji, ndiyo huruma." Hapana. Nchi yetu yote hapa yateremka. Maji yatokayo Mlimani hupita katika mifongo waliyoichimba Wachaga tangu kale, hupita mjini, na huishia kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, penye mradi wa umwagiliaji uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Konokono wa sandukuni hatujui wote asili yao. Huko Mwea nchini Kenya, mwaka 2020, aligunduliwa konokono wa Amerika ya Kusini aitwaye Pomacea, anayefanana sana na Pila wetu, naye hula miche ya mpunga ikiwa michanga. Njia moja ya kuwatenga ni kifuniko: cha Pila ni kigumu cha chokaa, cha Pomacea ni laini kama ukucha. Lakini mtoto hawezi kutegemewa kupambanua hayo.

Na kama mtu adhani konokono wachache si kitu, asikilize habari ya Miami, huko Marekani. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi kutoka Hawaii na konokono watatu wakubwa wa nchi kavu, wa aina ile ile tunayoiona hapa wakati wa masika, kwani asili yake ni Afrika Mashariki yetu hii. Nyanya yake akawaachia bustanini. Baada ya miaka saba walikutwa zaidi ya 18,000, na kazi ya kuwamaliza ilikwisha mwaka 1975, baada ya kutumika kiasi cha dola milioni moja. Nyanya yule hakukusudia shari. Basi maji ya sanduku yamwagwe juu ya udongo mkavu wa bustani, mbali na mfereji, na konokono au mayai yake yasipelekwe majini kamwe. Aliyechoka kufuga amtafutie mfugaji mwingine.

Wazazi wenzetu, twawaombeni mlitazame jambo hili kwa upande wa watoto pia. Mtoto aliyeumizwa na maneno ya wenziwe huwa kama konokono aliyejifunga. Tukimvuta kwa nguvu ili aseme, twamjeruhi. Tukimwacha katika maji yaleyale yaliyomla, hatapona hata tukimpenda namna gani. Kazi yetu ni kumtengea mahali pa salama, kumpa chakula na maneno mazuri, kumwondolea wanaomdonoa, kisha kusubiri, kwani fundi wa gamba lake yumo ndani yake, naye amewekwa na Mola wake.

Siku moja mtoto wetu yule alituuliza, "Maalim, hili kovu litaondoka?" Tukamjibu, "Haliondoki, mwanangu. Lakini tazama, yeye hakai tena hapo. Amejenga mbele." Akalitazama kwa muda, kisha akaenda kuketi na wenziwe katika mkeka wao, nao wakampisha mahali.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe moyo wenye kuchomwa na mikono yenye kujua. Wabillahi tawfiq.